Kipi hasa ni cha Shelisheli peke yake?

Swali: Ninafundisha biolojia kidato cha tatu. Niliwaambia wanafunzi kwamba Shelisheli ina viumbe visivyopatikana popote pengine, nikawataka waniletee orodha. Wameniletea hii: mshelisheli, mdalasini, popo mla matunda, chura mdogo kuliko ukucha, kinyonga, ile nazi kubwa yenye umbo la mapacha, kobe mkubwa, na mwisho wameandika tu "uyoga". Sasa nimekwama mimi mwenyewe. Kipi kibaki ubaoni na kipi kifutwe? Na imekuwaje nchi iliyo kama nusu ya Pemba kwa ukubwa iwe na mali yote hiyo?

Jibu: Mwalimu, tuanze na mshelisheli, maana hapo jina ndilo lililowaponza watoto. Kwa Kiswahili tunda na nchi vina jina moja, na mtu hudhani kimoja kimezaliwa kwa mwenzake. Visiwa hivyo vilipewa jina na Wafaransa katika karne ya 18, kwa heshima ya Jean Moreau de Séchelles, waziri wa fedha wa mfalme Louis XV. Mti wenyewe asili yake ni visiwa vya Pasifiki, na ulifika Shelisheli kwa mikono ya watu. Ufuteni. Mdalasini nao ufuteni. Umetoka Sri Lanka, na ulipandwa Mahé, kisiwa kikuu cha nchi hiyo, kuanzia mwaka 1772 katika bustani ya viungo iliyoanzishwa kwa agizo la Pierre Poivre, mtawala wa Kifaransa aliyekuwa Morisi. Leo umetapakaa milimani kiasi kwamba mgeni akipanda juu ya Victoria, mji mkuu, huona msitu wa kijani uliofunga, akaamini ameona msitu wa kale, kumbe sehemu kubwa ya anachokitazama ni mdalasini.

Wanafunzi waelezwe kwamba kuna viumbe vya kuletwa, vilivyofikishwa na binadamu. Kuna viumbe vya asili, vilivyofika au kuzuka hapo bila msaada wetu, hata kama vipo na kwingine. Na ndani ya hivyo vya asili kuna kundi dogo la viumbe vya pekee: ukivikosa hapo, umevikosa duniani. Ni hili kundi la mwisho tu unalolitafuta.

Popo wenu ndiye atakayepima kama wameelewa. Popo mla matunda wa Shelisheli, *Pteropus seychellensis*, kwa muda mrefu amehesabiwa kuwa spishi moja na popo wa Komoro na wa kisiwa cha Mafia. Kwa hesabu hiyo ni wa asili lakini si wa pekee. Ila wapo wataalamu wanaowatenga wale wa Komoro na Mafia kuwa spishi nyingine, na ukiwafuata hao, popo wa Shelisheli anakuwa wa pekee bila yeye kubadilika hata unyoya mmoja. Ningemwandika kwa penseli pembeni, na nafasi yake ningempa popo mwingine ambaye hakuna anayebishana juu yake: *Coleura seychellensis*, mdogo, mla wadudu, anayelala kwenye mapango ya mawe Mahé na Silhouette. Waliobaki wanakadiriwa kuwa chini ya 100. Ni mmoja wa popo adimu kabisa duniani, na inaniuma kwamba hakuingia kwenye orodha ya wanafunzi wako, kwa sababu picha zake hazisambai kama za mkubwa wake.

Sasa swali lako kubwa, la nchi ndogo na mali nyingi. Visiwa vingi vilivyo katikati ya bahari kuu ni vya volkano au vya matumbawe, yaani ni ardhi changa iliyochomoza majini tupu kabisa, na kila kilichopo juu yake kilikuja baadaye kwa upepo, kwa bawa au kwa gogo linaloelea. Visiwa vya ndani vya Shelisheli (Mahé, Praslin, Silhouette, La Digue na jirani zao) havikuanza hivyo. Mwamba wake ni graniti, na graniti hiyo ina umri wa miaka milioni 750 hivi. Ni kipande cha bara. Zamani Afrika, Madagaska, India na Shelisheli zilikuwa ardhi moja, sehemu ya bara kuu la Gondwana. Ardhi hiyo ikakatika vipande kidogo kidogo, na kipande cha mwisho kuachana na Shelisheli kilikuwa India, miaka milioni 65 hivi iliyopita. India ikaenda kaskazini hadi ikagonga Asia. Shelisheli ikabaki katikati ya bahari, na abiria wake juu yake.

Ushahidi mzuri wa abiria hao ni yule chura mdogo kuliko ukucha. Abakie ubaoni, tena andikeni jina lake kamili: *Sechellophryne gardineri*. Mkubwa wake ana urefu wa milimita 11 hivi. Mayai yake hutagwa ardhini penye unyevu na huanguliwa vyura kamili, bila kupitia hatua ya viluwiluwi. Tena hana sikio la kati. Kwa desturi mnyama wa namna hiyo angekuwa kiziwi, lakini utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba sauti za wenzake humfikia kupitia uwazi wa mdomo wake, unaovuma kama ngoma na kupeleka mtetemo kwenye sikio la ndani. Ana ndugu watatu visiwani humo, wanne jumla, na familia yote ya Sooglossidae ni hao wanne tu. Mmoja wao hubeba viluwiluwi wake mgongoni.

Vyura hawa wamefikaje huko? Ngozi ya chura hupitisha maji na chumvi, na safari ndefu ya baharini ni kifo kwake. Jibu likaja kutoka mahali ambapo hakuna aliyepatazamia. Mwaka 2003 wanasayansi walieleza chura mpya kutoka milima ya Ghats Magharibi, kusini mwa India: mnene, wa rangi ya zambarau, anayeishi chini ya ardhi karibu mwaka mzima. Wakamwita *Nasikabatrachus sahyadrensis*. Walipolinganisha vinasaba vyake na vya vyura wengine, ndugu zake wa karibu kuliko wote walio hai wakawa wale wa Shelisheli. Kati yao leo pana bahari ya maelfu ya kilomita. Vyura hawa hawakuivuka: walikuwapo ardhi ilipokatika, kila upande ukaondoka na watu wake.

Habari kama hiyo inasimuliwa na amfibia wasio na miguu, wale wanaofanana na minyoo mikubwa na wanaochimba udongoni. Mnaweza kuiona hata kwenye mti uitwao kwa Kikreoli bwa-d-fer, *Vateriopsis seychellarum*, unaoota Mahé tu. Jamii yake, Dipterocarpaceae, ndiyo inayotawala misitu mikubwa ya Asia ya kusini-mashariki.

Lakini tahadhari, mwalimu. Ukishaipenda hadithi ya bara lililokatika, utataka kuieleza kila kitu kwayo, na hapo ndipo wengi hukosea. Mtazame kinyonga. Kinyonga wa Shelisheli, *Archaius tigris*, ni wa pekee kweli, wala si lazima umguse ubaoni. Watu wengi walimdhania ni jamaa wa vinyonga wa Madagaska, kwa sura na kwa ramani. Vinasaba vikasema vingine: ndugu zake wa karibu ni vinyonga wadogo wa jenasi ya Rieppeleon, wale wa rangi ya majani makavu walioko Afrika Mashariki, Usambara wakiwamo. Na tofauti zao ni changa mno kulinganishwa na umri wa kukatika kwa bara. Maana yake mababu wa kinyonga huyu walisafiri, yaelekea juu ya miti iliyong'olewa na mito ikasombwa na mkondo wa bahari. Chura wa mitini wa visiwa hivyo, *Tachycnemis seychellensis*, naye ni wa pekee, lakini jamaa zake wako Madagaska, na babu yake pia alivuka maji. Nimesema safari ya baharini ni kifo kwa chura, na kwa kawaida ni hivyo. Katika mamilioni ya miaka, safari moja iliyofaulu inatosha.

Basi njia za kuwa wa pekee ni mbili, na Shelisheli ina zote mbili: wapo walioachwa na ardhi, na wapo waliofika wakabadilika.

Mfano mkubwa wa kubadilika uko Aldabra, kisiwa cha matumbawe kilicho zaidi ya kilomita 1,000 kusini-magharibi mwa Mahé. Huko anaishi ndege wa jamii ya kukuziwa asiyeruka, wa mwisho asiyeruka katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Babu zake waliruka kutoka Madagaska, wakakuta kisiwa kisicho na mnyama wa kuwala, na kizazi baada ya kizazi mabawa yakadhoofika. Miaka 136,000 hivi iliyopita bahari ilipanda ikaifunika Aldabra, na ndege wasioruka waliokuwapo wakaangamia. Maji yaliposhuka, ndege wale wale wa Madagaska wakaruka tena hadi hapo, na wakapoteza tena uwezo wa kuruka. Mifupa iliyopatikana kisiwani, ya kabla ya gharika na ya baada yake, ndiyo iliyoonyesha hivyo katika utafiti uliotolewa mwaka 2019. Wengine humhesabu ndege huyu kuwa nususpishi tu ya yule wa Madagaska. Mimi sigombani na yeyote juu ya cheo chake, ila ningependa kila mwanafunzi wa biolojia amjue.

Aldabra ndiyo nyumba ya kobe wenu pia, *Aldabrachelys gigantea*. Porini, kobe mkubwa wa Aldabra ni wa huko, na wanakadiriwa kuwa 100,000 hivi. Wale mlioona picha zao wakiwa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, walipelekwa. Kiumbe wa pekee hapotezi upekee wake kwa kufugwa kwingine, kinachohesabiwa ni makao yake ya asili. Lakini waulize wanafunzi swali hili: mwaka 1970 kobe huyu alikuwa wa nchi gani? Mwaka 1965 Uingereza iliimega Aldabra kutoka Shelisheli na kuiweka kwenye koloni jipya, lile la Chagos. Wakapanga kujenga kiwanja cha ndege za kijeshi juu yake, wanasayansi wakapiga kelele, na mpango ukaachwa mwaka 1967. Aldabra ilirudishwa Shelisheli ilipopata uhuru, Juni 1976. Kwa miaka ile karibu 11, orodha yoyote ya "viumbe vya Shelisheli peke yake" isingemtaja kobe, ingawa yeye hakusogea. Mpaka wa nchi huchorwa na watu, kiumbe hufuata ardhi na maji. Kwa nchi ya visiwa mambo hayo mawili huelekea kukubaliana, na ndiyo maana orodha za visiwani ni safi kuliko za bara, ambako mti mmoja huweza kuwa na mizizi nchi hii na kivuli nchi ile.

Nazi ya mapacha nimeiacha hadi hapa kwa sababu inastahili nafasi. Wenyewe huiita kokodmer, na kitaalamu ni *Lodoicea maldivica*. Jina hilo la pili ni kosa lililogandishwa: kabla visiwa vyake havijajulikana, makaka yake, yaani maganda matupu, yaliokotwa ufukweni Maldivi, watu wakaamini kwamba mti wake unaota chini ya bahari. Mwaka 1768 ndipo Wafaransa walipoikuta miti yenyewe Praslin. Mpaka leo, kwa asili, inaota Praslin na kisiwa jirani cha Curieuse, basi.

Tuliozoea mnazi tunadhani hii ni nazi iliyozidi ukubwa. Ndugu zake wa karibu ni mvumo na mkoche, na ukilitazama jani lake, pana kama feni, utaona ukoo huo mara moja. Miti ni ya kiume na ya kike, kila mmoja peke yake. Tunda hukomaa kwa miaka sita au saba, na mbegu yake, kubwa kuliko ya mmea wowote duniani, huweza kupita kilo 15. Hapa ndipo penye siri ya upekee wake. Nazi ya kawaida huelea ikiwa hai, ndiyo maana minazi imezunguka pwani zote za joto. Kokodmer ikiwa hai huzama. Kaka zilizofika Maldivi zilikuwa zimekufa na kuoza ndani, zikaelea kwa sababu ya utupu. Mmea uliobeba mtoto mzito namna hiyo hauwezi kumpeleka popote, humwangusha miguuni pake. Chipukizi hutoka ndani ya mbegu kwa kikonyo kirefu kama kamba, kikatambaa mita kadhaa kabla ya kuzama udongoni, na huo ndio umbali wote ambao kizazi kipya huupata.

Swali linalofuata ni mtoto huyo ataishije kwenye kivuli cha mama, katika udongo wa graniti usio na rutuba. Majani ya kokodmer yamekunjwa kama mifereji. Mvua inaponyesha, maji hutiririka kwenye jani, hupita kwenye kikonyo na kushuka shinani, yakichukua chavua, kinyesi cha ndege na majani makavu yaliyonasa juu. Watafiti waliopima udongo wa Praslin walikuta naitrojeni na fosforasi nyingi zaidi karibu na shina kuliko mbali nalo. Kwa hiyo mti huu hujitengenezea shamba lake. Sijui mmea mwingine unaonigusa kwa namna hiyo.

Msitu maarufu wa miti hiyo ni Vallée de Mai, hekta 19.5 tu, uliowekwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1983. Humo wanafunzi watapata zawadi: aina zote sita za miti ya jamii ya minazi na mitende iliyo ya pekee ya Shelisheli zinaota humo, na kila moja iko peke yake katika jenasi yake. Yumo pia kasuku mweusi, *Coracopsis barklyi*, ndege wa taifa, ambaye huzaliana Praslin tu. Mongezeni ubaoni.

Udogo huo wa makao ndio hatari ya viumbe vya pekee. Mti wa medusa, *Medusagyne oppositifolia*, ulidhaniwa umetoweka hadi ulipopatikana tena mwaka 1970 kwenye majabali ya Mahé. Hujulikana kwa tunda lake, ambalo likikauka hufunguka kama mwavuli, likafanana na konyeza, yule kiumbe laini wa baharini. Miti iliyobaki porini inahesabika kwa makumi. Kisiwani Frégate kuna mbawakawa mkubwa, *Polposipus herculeanus*, asiyepatikana hata kwenye visiwa jirani. Panya walipoingia Frégate mwaka 1995, spishi nzima ilikuwa hatarini. Wengine walichukuliwa wakafugwa ng'ambo kama akiba, na panya wakamalizwa mwaka 2000.

Na kuna waliookolewa kweli kweli. Mwaka 1968 ndege mdogo wa kahawia, *Acrocephalus sechellensis*, alikuwa amebaki kisiwa kimoja tu, Cousin, na hawakufika 30. Kisiwa chote kilinunuliwa kwa ajili ya uhifadhi, minazi ya shamba ikaachwa ipungue, msitu wa asili ukarudi. Mwaka 1988 ndege 29 wakahamishiwa Aride, baadaye wengine visiwa vingine. Sasa wamepita 3,000. Kasuku wa kijani wa Mahé hakupata bahati hiyo. Aliwindwa kwa kula mahindi ya mashamba, na mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa hayupo tena. Visiwa ni vile vile. Kilichotofautisha wawili hawa ni kwamba kwa mmoja watu waliamua mapema.

Umebaki uyoga, na hapa wanafunzi wako wametupa swali gumu kuliko walivyojua. Kusema kiumbe kipo Shelisheli ni rahisi, mmoja akionekana imetosha. Kusema *hakipo kwingine* kunadai uwe umetafuta kwingine kote. Hata kusema hakipo tena kisiwani ni hatari. Konokono wa Aldabra mwenye mistari, *Rhachistia aldabrae*, alionekana mara ya mwisho mwaka 1997, akatangazwa mwaka 2007 kuwa ametoweka duniani kwa kupungua kwa mvua, na Agosti 2014 akakutwa hai. Huyo ni konokono wa rangi, anayeonekana kwa macho juu ya mti. Kuvu huishi karibu maisha yake yote chini ya udongo au ndani ya mti, uyoga tunaouona ni tunda lake la siku chache, na spora zake, yaani chembe zake za uzazi, huenda na upepo mbali kuliko mbegu nyingi.

Hata hivyo mnayo njia nzuri ya kulifikia jambo hilo, nayo ni mizizi. Kuvu wengine huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti maalumu na kubadilishana nayo chakula. Mwaka 2007 watafiti walitoa matokeo ya kuchunguza mizizi ya bwa-d-fer, yule wa Mahé, pamoja na mti mwingine wa asili, *Intsia bijuga*, na miti ya kuletwa. Walikuta mikaratusi iliyopandwa imewachukua kuvu wa miti ya asili na kuishi nao. Misonobari haikufanya hivyo. Kuvu aliyefungamana na mti unaoota kisiwa kimoja angefaa kabisa kuwa wa pekee, ila kama amejifunza kuishi na mkaratusi, basi kila mche wa mkaratusi uliosafirishwa na udongo wake huenda umembeba.

Kwa hiyo neno "uyoga" lisifutwe, ila lisipewe alama pia. Mrudishie aliyeliandika, umwombe alete jina la kuvu mmoja na jina la mti ambao ameshikamana nao.